Sindano Kumi

Usiongee nami, Wendo, ninapohesabu.
Tutasalimiana baadaye.
Dumu ni la lita tano, petroli imefika kwenye alama,
na hii sindano ya mililita ishirini, isiyo na ncha tena,
ilichanja ng'ombe wa Mkoka wote kwa chambavu.
Sasa inavuta oili.
Moja.
Mbili.

Hii si kama zile zinazosubiri abiria
pale kwenye mizani ya mahindi.
Zile zina tumbo la oili, hujilamba zenyewe.
Hii ni ya mapigo mawili, haina akiba mwilini:
inachokunywa ndicho inachojipaka.
Ukiinyima, inajitafuna chuma.
Tatu. Nne.
Ukiizidishia, itatoa moshi
mpaka wenye nguo kambani wakutukane.
Tano.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yangu ilikuwa hii.
Baba, bwana mifugo Chilongola, yuko ndani
anapanga barafu na chupa za dawa.
Nikafika sita. Au saba?
Mtoto wa jirani alikuwa akiniuliza matokeo ya mpira.
Nikaona aibu kuanza upya.
Nikasema kumi.

Injini ilinata kabla ya Zoissa, kwenye mwinuko wa mawe,
saa sita mchana, upepo wa Agosti.
Gurudumu la nyuma liliganda
kama limeshikwa na mtu.
Baba alifika kwa miguu jua likizama,
boksi kichwani, barafu imekuwa maji,
na dawa nayo imekuwa maji tu.
Akaimwaga mbele ya wenye ndama
ili wasije wakaiamini bure.
Wiki ile ndama kumi na mmoja wa Ndahani
walivimba mapaja, wakalala, hawakuamka.

Hakunipiga.
Alifungua silinda juu ya gunia
akanipa pistoni mkononi, mikwaruzo wima juu hadi chini,
kama ngozi ya mtu aliyejikuna usiku kucha.
"Soma," akasema. Basi.

Tulikuwa wapi?
Usinijibu. Tazama kwenye kifuniko:
kila sindano, punje moja ya mahindi.
Punje tano.
Kichwa changu sikiamini tangu siku ile.

Sita, saba, nane.
Tisa.
Kumi. Funga, tikisa, pindua, tikisa tena.

Sponji ya hewa nimeifua kwa sabuni ya mche,
nikaikamua bila kuisokota, nikaipaka oili;
vumbi la huko halibishi hodi.
Cheni icheze vidole viwili, vyako, si vyangu.
Skrubu ya kabureta nimeizamisha hadi mwisho
nikairudisha mzunguko mmoja na nusu,
mengine utayasikia mwenyewe, inapokohoa, inapoimba.

Ukifika Hogoro, kabla ya kuku na kideri chao,
kabla hata ya kukaribishwa maji,
fungua plagi.
Ikiwa na rangi ya karanga iliyokaangwa, endelea.
Ikiwa nyeupe kama chumvi ya Bahi, usiende popote:
inaungua kwa ndani
na haijakwambia.

Dumu la pili ni la kurudia.
Shika sindano.
Mimi nitakaa hapa kwenye tairi
nikuulize matokeo ya mpira.