Mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole bado haijavua blanketi.
Ukungu umeshuka kutoka Uporoto, umekaa barabarani
kama mgeni asiye na haraka.
Sisi tuna haraka.
Lori la viazi linanguruma nje tangu usiku,
Ambakisye anashona midomo ya magunia
kwa sindano ndefu na kamba ya katani,
Tusekile anatafuta daftari la hesabu,
Lusajo anatafuta soksi ya pili,
na uji umeamua kufurika.

Katikati ya hayo yote, sakafuni,
Subilaga, miaka miwili na miezi mitatu,
anavaa buti.

Buti za kaka yake. Ya kulia mguu wa kushoto,
ya kushoto mguu wa kulia.
Nainama nimsaidie.
"Mwenewe!"
Herufi moja bado haijafika kinywani mwake,
lakini maana imefika nzima,
imeshusha mizigo, haina mpango wa kurudi.

Neno hili hatujui kalitoa wapi.
Baba yake anasema kwangu. Mimi nasema kwa bibi yake wa Tukuyu,
anayesusa mkono wa mtu kwenye ngazi ya basi.
Lilianza kwenye kijiko. Likahamia kwenye kitasa,
kisha kwenye kifungo cha sweta,
anachobishana nacho mpaka jasho limtoke, Julai,
katika baridi hii inayogandisha mafuta chupani.
Wiki iliyopita alitaka kumenya ndizi
ambayo mimi nilikwisha kuimenya.
Alilia mpaka tukairudishia ganda.
Ndiyo, tuliirudishia:
Lusajo akashika, mimi nikafunga kwa uzi wa gunia.

Nilizoea wale wawili wa kwanza.
Ukiwaweka wanakaa, kama sufuria.
Huyu ukimweka anakuuliza kwa macho: nani kasema?
Bata anawaita kwa majina, wapagazi anawaita kwa kidole.
Anahesabu magunia: moja, mbili, saba, saba, saba,
na dalali anacheka mpaka anashika mbavu,
"Huyu mpeni daftari, anatuzidishia."

Mbeleko yangu iko msumarini
nyuma ya mlango tangu Pasaka.
Siku ile sokoni alinisukuma kwa magoti, nikamshusha,
sikujua kuwa ndiyo mara ya mwisho.
Hakuna anayekupigia kengele.
Mgongo ulihisi baridi, nikadhani ni kipupwe.

Jioni. Lori limeondoka, noti zimehesabiwa mara mbili,
mikono bado inanuka udongo,
nageuka kufunga mlango,
msumari mtupu.

Namkuta nyuma ya jiko.
Mbeleko imemzunguka mara nne, fundo liko chini ya kidevu,
na mgongoni mwake, kichwa nje,
kiazi.
Kile kikubwa, chenye kovu la jembe,
kilichokataa kuenea hata kwenye lumbesa.
Anakibembeleza, anayumba na buti zake zilizopishana:
"Nyamaza. Nyamaza basi. Mama ana haaka."

Sauti ni yangu.
Hata ule mguno mdogo baada ya "basi" ni wangu.

Nikakaa kwenye debe.
Kuna kitu nilitaka kumwambia, sikukipata.
Nikasema tu, "Nikusaidie kumshusha?"
Akanitazama kwa muda,
kama dalali anayesubiri mwenzake ataje bei.
"Mwenewe."
Kisha akafikiri. Akanigeuzia mgongo,
akachuchumaa kidogo, kama ninavyochuchumaa mimi.
"Wewe shika kichwa."

Nikashika kichwa.

Usiku tulikula ugali na kabichi,
hakuna aliyethubutu kukitaja kile kiazi.
Kimelala chini ya kitanda, ubavuni kwa buti,
kimevishwa mpaka shingoni
soksi ya Lusajo,
ile ya pili.