Kikohozi cha Shubiri Moja

Kanda ililetwa ndani ya sufuria,
imeviringishwa taulo, na Tsiala akasema:
"Usiipige bado. Inalia."

Kweli ililia. Niliizungusha kwa mkono, robo mzunguko tu,
ikang'ang'ania kichwa cha mashine kama ulimbo,
ikaacha unga wa kahawia kwenye pamba yangu ya spiriti:
silabi ya mtu, au nusu yake.

Gundi huzeeka. Miaka arobaini chini ya kitanda,
hapa Kutaisi, ambako ukungu wa mto Rioni
hupanda ngazi bila kupiga hodi,
gundi hunywa maji kidogo kidogo mpaka ikalewa.
Dawa yake ni moto, lakini moto wenye adabu.
Nikaazima kwa Nargiza, jirani wa ghorofa ya tatu,
mashine yake ya kukaushia matufaha.
"Unapika nini?"
"Besi," nikamjibu.

Digrii hamsini na nne, saa kumi.
Tsiala akalala kitini, viatu miguuni.
Studio yangu zamani ilikuwa ghala la ngozi;
usiku ule ilinuka ngozi na matunda.

Alfajiri nikawasha mtambo wa Budapesti,
mzito kuliko jokofu, ukingo wake una makovu
ya sigara za mafundi waliokwisha kufa.
Nikangoja valvu zipate joto. Hazipendi haraka.
Kisha nikabonyeza.

Sauti tatu.
Ya juu ni Tsiala, miaka kumi na tisa,
amenyooka kama uzi unaolitafuta tundu la sindano.
Ya kati ni binamu aliyehamia Ugiriki.
Na chini kabisa, Anzori, kaka yake:
haimbi maneno, anatandika sakafu tu
wenzake wapate pa kukanyaga.
Mshale wa mita ukainamia wekundu,
ukatetemeka, haukuvuka.

Kabla ya ubeti wa tatu, akakohoa.
Kikohozi kikavu. Ilikuwa Machi.
Kufikia Juni hakuwepo.

"Kitoe," akasema Tsiala. "Watu wananunua wimbo,
hawanunui mapafu yake."

Wembe ninao. Nikamwonya:
kwenye kanda majuto si mjukuu,
ni pacha wa wembe, huzaliwa naye.
"Kitoe."

Nikaisogeza kanda mbele na nyuma, kutafuta kingo.
Polepole, kikohozi kinakuwa mlango wa ghala.
Kinyumenyume, kinakuwa mtu anayevuta pumzi
ili aseme jambo.
Tsiala alisikia hilo. Alitazama pembeni.
Nikatia alama kwa penseli nyeupe, hapa na hapa,
nikapima kwa mkono: shubiri moja.
Nikakata. Nikaunga.
Kipande akakizungushia kidoleni.

Tukaanza kuchanganya. Mikono yangu miwili haikutosha,
nikampa kitelezi cha kaka yake.
Alikipandisha kuliko nilivyopenda. Nikanyamaza.
Kwenye chumba cha makaa, bati la mwangwi
lilimpokea Anzori, likamrudisha na ubaridi kidogo.

Ubeti wa tatu ukaja mapema mno,
kama mgeni aliyeruka kizingiti.
Tukarudia. Ukaja vilevile.
Mara ya nne Tsiala akakifungua kile kipande kidoleni,
akakilaza mezani, akakinyoosha kwa ukucha.
Kilikuwa kimeshika umbo la pete, hakikutaka kunyooka.

"Upande gani ni mbele?" akauliza.
Sikuwa na hakika. Nilidhani najua.
Tuliunga, tukasikiliza, tukageuza, tukaunga tena.

Ukisikiliza kwa makini, kabla ya ubeti wa tatu
kuna mikwaruzo miwili midogo, ya wembe wangu,
na katikati yake mtu anakohoa
kwa upana wa kiganja kilichofunguka.

Nargiza bado analalamika
kwamba matufaha yake yana ladha ya redio.