Namba Nane

Tuliikuta Sabasaba, chini ya robota la mitumba.
Nyemo akadhani hema, mimi nikadhani mwavuli wa jeshi:
kitambaa cha buluu, vishikio viwili vya mpira,
na kamba nne nyembamba, ngumu,
za kumkata mtu kidole asijue hadi aone damu.
Muuzaji naye hakuijua. Elfu kumi na mbili, chukueni.

Kumbe tiara, ya kumvuta mtu mzima.
Hombolo, mwezi wa saba, mtama umeshavunwa,
upepo unafika saa nane kama mtu anayedai deni lake.
Ilinikokota, magoti yakachora mifereji miwili shambani,
Nyemo akacheka mpaka akakaa chini.

Jua likashuka. Zamu yangu kufunga.
Nikafunga kama afungavyo mwenye njaa:
nikakusanya, nikasokota, nikasindilia kwenye salfeti,
nikaukanyaga mfuko kidogo, ukakubali.
"Umezizungusha?"
"Nimezizungusha."

Jumapili iliyofuata upepo ulikuja.
Nasema ulikuja! Mabati ya shule yalipiga makofi,
kuku walitembea manyoya yamegeuka nje ndani,
nasi tumeinama.
Kamba nne zimekuwa kitu kimoja,
kiota cha ndege asiye na akili.
Nikaona ncha, nikaivuta. Fundo likakaza meno.
"Usivute!" Kofi la mkono.
"Ulimwona nani akichana nywele kuanzia shinani?"

Yeye ni msusi. Vidole vyake vina macho.
Akalilaza donge lile juu ya kanga,
akalitanua, akalipa hewa,
akalegeza hapa, akapitisha pale,
hakuvuta hata mara moja.
Saa tisa. Saa kumi. Saa kumi na moja.
Kamba ya nne ilipotoka
jani la mwarobaini lilikuwa halitikisiki.
Hakusema neno.
Afadhali angesema.

Mchana napogoa mizabibu ya watu,
najua kitu chembamba kikiachwa bila kuelekezwa
hushika chochote kilicho karibu, hata adui.
Nilijua hayo kwa mizabibu. Kwa kamba sikujua.

Sasa nafanya hivi. Simfundishi mtu, najikumbusha.
Mbuzi wa mama Chilewa nawafukuza kabla, si baada.
Mabua nayaondoa; bua moja tu la mtama
linatosha kushika kamba zote nne.
Vishikio navichomeka ardhini kwa bisibisi, visizurure.
Tiara naitia mchanga mgongoni, itulie,
na kamba siziondoi kwake kamwe.
Natembea katikati yazo, kidole hiki na hiki,
kama mtu anayeamua ugomvi wa watoto.
Halafu kibao.
Kuzungusha duara, hapana: kila duara huacha msokoto,
na msokoto hulala humo wiki nzima ukikungoja.
Nazungusha namba nane.
Mkono ukienda kulia, urudi kushoto,
deni linalipwa palepale lilipokopwa.
Uzi mwekundu ni wa kushoto. Nyemo ndiye aliyeufunga,
kipande cha rasta kilichobaki kwa bibi harusi wa Kikombo.
Na siku ya kufungua, kilichoingia mwisho hutoka kwanza,
nikirudi kinyumenyume, polepole,
hata upepo ukiniita kwa jina.

Jana zamu ilikuwa yangu tena.
Giza linaingia, njaa ni ileile,
jirani anakaanga kitu chenye vitunguu.
Nilihesabu nane arobaini na mbili,
nikapoteza hesabu, nikaendelea.
Nyemo akapita na ndoo kichwani,
akasimama, akaupapasa mfuko kwa dole gumba
kama anavyokagua msuko wa mwanafunzi wake,
akaenda zake
bila kuufungua.