Tundu la Rupia

Jumanne ni siku ya maji.
Natandika kitambaa cheupe barazani, hapa Kiusa,
ubavuni mwa duka la mbegu,
nazamisha hela zenyewe, za Mjerumani,
zile zilizotuachia jina na kwenda chini ya migomba.
Bakuli la plastiki. Maji ya betri,
yale safi ya kuongezea, si asidi.
Kisha naziacha.
Kuziacha ndiyo kazi yenyewe.
Siku ya nne udongo wa kihamba huachia,
mwekundu, kama chai iliyosahaulika.
Unaogoma naubembeleza kwa mwiba wa mchungwa,
maana mwiba huchoka kabla ya shaba.

Kijana mmoja wa Uru aliniletea zake
keshazisugua kwa ndimu na majivu,
zinameta kama masufuria ya kipaimara.
Nikamuuliza: umeziosha, au umezichuna?
Akacheka.
Ule weusi alioumwaga mferejini
ulivaliwa kwa miaka mia.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Gundi ya zamani naitoa kwa asetoni: sawa.
Kutu ya kijani, ile inayokula, naikwangua: sawa.
Tone la mafuta, isirudi tena.
Tone la pili, mkwaruzo usionekane.
Hapo je?
Chupa ni ileile, kidole ni kilekile,
na mlima, ukijifunua alfajiri, hauniambii kitu.

Kisamo dalali ndiye bingwa wa njia za mkato.
Yai la kuchemsha, kiini chake
mfukoni pamoja na fedha, usiku mmoja tu,
asubuhi sarafu imezeeka kuliko mwenye duka.
Nta kwenye mashavu ya Kaizari.
Tupa nyembamba kwenye tarakimu ya mwaka.
"Wageni wakishuka mlimani," husema,
"magoti yanawauma na pesa wanazo. Hawaulizi."

Mwaka wa mvua nyingi alinipa rupia.
Kaizari na kofia yake ya tai,
na katikati ya tai, tundu,
kingo zake zimelainishwa na uzi,
uzi wa shingo ya mtu, miaka na miaka.
"Lizibe," akasema.
Ada ya shule ilikuwa imenikaba.
Nikakata kiduara kwenye mpini wa kijiko cha fedha,
nikalehemu, nikapiga msasa laini kuliko unga,
nikachora upya manyoya ya tai, moja moja,
kwa mkono usiotetemeka.
Niseme kweli: niliona fahari.
Sijafanya kazi nzuri kuliko ile.

Kisamo hajaja kuichukua,
akafika mwanamke, Aikande, kutoka Kibosho.
Baada ya msiba mjomba aliuza kila kilichong'aa,
naye alikuwa akipita duka kwa duka
akiomba kuonyeshwa rupia.
Nikasogeza trei.
Akazigusa kwa ncha ya kidole, hii, hii, hii,
akafika pale, akatua.
Akaigeuza. Akaiinua juani.
"Hapana," akasema. "Ya bibi ina tundu."
Akanishukuru. Akanunua betri ya saa,
nadhani kwa adabu tu, asiondoke mikono mitupu.

Nami nilikuwa na ulimi kinywani.

Siku hizi kila sarafu hutoka hapa na kikaratasi,
mwandiko wangu wa kuku:
maji, siku nne. Mwiba. Asetoni kidogo.
Mkwaruzo wa shavuni umeachwa.
Kisamo anasema vikaratasi vinafukuza wateja.
Kweli, vinafukuza.

Rupia ile ilipanda ndege. Sijui iko wapi,
imelazwa kwenye mahameli, nzima,
haina wa kuidai.
Kijiko ninacho.
Kina kitundu cha mviringo kwenye mpini,
ndicho ninachokorogea chai.