Dadu ya Chaki

Muhula wa kwanza niliandika ubaoni: Uwezekano.
Wakaandika: Uwezekano.
Nikapiga mstari chini yake,
wakapiga mstari.
Mtihani ulipokuja, wengi wao
walinirudishia mistari yangu, imenyooka, mizuri,
na chini yake hakuna kitu.

Muhula wa pili nilileta boksi la mafuta ya alizeti,
mkasi, na mfuko wa vizibo vya soda.
Nitengenezeeni mchezo, nikasema,
ambao mimi nitashindwa.

Ukimya.
Kisha Ndahani wa kiti cha nyuma, asinziaye kwa adabu:
"Una alama ngapi huo, mwalimu?"

Wakachora Bahi na majaruba yake,
Hombolo na zabibu, Mvumi na uwele,
Kongwa na ng'ombe wa vizibo vyekundu.
Kila zamu ni msimu. Tupa dadu;
ukipata moja, mvua imekataa.

Dadu hatukuwa nayo.
Sechelela alichukua chaki mkononi mwangu,
akaisugua kwenye saruji hadi ikawa na pande sita,
ndogo kama punje ya karanga,
akaitoboa macho kwa ncha ya bikari.

Wiki ya kwanza ukame ulikuja kama mgeni mwenye haya.
Wiki ya tatu haukubisha hodi.
Ng'ombe wangu wa Kongwa waliisha wote,
darasa likashangilia,
na Ndahani, macho makavu, akasimama:
"Dadu imelika kona! Inapenda moja.
Tuchonge nyingine."

"Usiiguse," akasema Sechelela.
"Imelika kiasi gani?"

Nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi.

Waliitupa mara mia sita, wamepiga magoti,
huyu anatupa, yule anaandika,
nayo inazidi kulika wakiihesabu.
Moja: mia na arobaini na tatu.
Ilitakiwa mia, au karibu na mia.
Ni bahati. Si bahati.
Basi bahati inaishia wapi?
Swali hilo nimelibeba miaka minne
kwenye slaidi ya kumi na saba,
na sasa limetoka kinywani mwa mtu
mwenye vumbi la chaki puani.

Dokta Chibago, mkuu wa idara, akachungulia.
"Mnacheza?"
"Tunacheza," nikasema, sauti ikitetereka kidogo.
Akavuta kiti.
Kufika saa kumi alikuwa ameuza shamba la Hombolo
na anadai msimu mwingine.

Fomu ya matokeo ina safu ya majaribio,
safu ya mtihani, safu ya jumla.
Sijui niandike wapi kwamba Ndahani
alibaki nyuma tukikunja boksi,
upepo wa Chimwaga ukigonga dirisha,
akauliza bila kuniangalia:
"Mvua ya kwetu Mvumi, mwalimu,
mama anasema haikuwa hivi.
Nayo imelika kona?"

Leta daftari, nikamwambia.
Sijui.
Tuhesabu.