Mlango Mwembamba

Kabla ya kwenda Kariakoo nilihesabu tena:
gigabaiti nne zimebaki, na chenji.
Diski imejaa hadi kooni,
laptopu inahema kama mtu aliyepanda ngazi za hosteli
na ndoo ya maji kila mkono.

Humo mna daraja langu la mwaka wa nne,
nguzo sita, michoro mia mbili na kumi.
Mna ligi ya Ipyana, msimu wa tisa,
alikomsajili kipa wa Ushelisheli
na hataki aguswe.
Mna gari la Rwegoshora linalogonga kuta usiku kucha,
na vita fulani
ambavyo chumbani hakuna anayekiri kuvipakua.

Laptopu ni yangu. Diski ya pili ni ya chumba.
Ipyana alitoa elfu thelathini,
Rwegoshora elfu kumi na ahadi,
mimi kilichobaki kwenye bumu
baada ya deni la chipsi.
Na kila aliyetoa hela akatoa na neno:
"Chukua kubwa."
"Chukua ya haraka."
"Chukua kubwa, ya haraka, na urudi na chenji."

Mtaa wa Aggrey, jua la utosi.
Upana wa duka ni mikono yangu nikiinyoosha.
Shamshudini hakuuliza nataka nini,
aliuliza, "Mashine yako inapokea nini?"
Nikanyamaza kama mposaji aliyeulizwa ukoo.
Akaipindua, akaifungua mgongo,
akapuliza vumbi la miaka mitatu:
mlango mmoja mwembamba, haujawahi kuingiwa.
Miaka mitatu nalilia nafasi,
na nafasi ipo, tupu,
chini ya viganja vyangu.

Akapanga vitatu juu ya kioo.
Cha kwanza, terabaiti mbili kwa elfu arobaini.
"Hiki usinunue," akasema, na muuzaji ni yeye.
"Kitakwambia kina nafasi. Utaweka, kitameza.
Siku ukirudi kudai, hakikujui."
Cha pili cha kuzunguka, mtumba,
kitaning'inia nje kwa waya.
Akanisogezea sikioni.
Tik. Kimya. Tik.
"Umesikia? Hiyo ni nyonga."
Cha tatu kipande kama bazoka,
gigabaiti mia tano, hakisemi, hakizunguki.
Bei yake ilinifanya nianze kusoma
kalenda ya ukutani.

Nikapiga simu chumbani.
"Mia tano haitoshi," Ipyana akaja juu.
Nikamwambia, ligi yako inabeba hamsini,
vita vinabeba mia na ishirini.
Kimya. Nikasikia feni yao.
"Basi vita vife," akasema mtu,
na sauti sikuitambua.

Nikalipa. Shamshudini akachomeka kipande,
kikainuka upande mmoja kama mkia wa mjusi.
"Skrubu yake iko wapi?"
Haikuwepo. Ndogo kuliko punje ya mtama,
na hela yote ile imesimama inaingoja.

Fundi miwani alinimwagia za kwake kiganjani:
zote nyembamba mno.
Fundi saa alicheka tu.
Ni Mwamtumu, kule Gerezani,
anayechinja laptopu zilizokufa na kuziuza kwa kilo,
aliyeinama juu ya mzoga mmoja usio na kioo,
akazungusha mara tatu, akaninyooshea.
"Shilingi ngapi, dada?"
"Nenda nayo. Huyu hana tena cha kufunga."

Usiku mashine ikakiona, ikaomba jina.
Vichwa vitatu juu ya kioo kimoja, kila kimoja na lake.
Nikaandika DARAJA, nikaenda kuchota maji.
Niliporudi nguzo zangu sita zilikuwa bado foleni:
mbele yao, asilimia kumi na nane,
anavuka kipa wa Ushelisheli.