Tone Moja, Kila Usiku

Keelung. Mvua siku ya kumi na moja.
Ruotang amelala chali, macho kodo,
nami nimeshika kichupa kama mpima dhahabu:
tone kushoto, tone kulia. "Usipepese."
Anapepesa.
Kesho mboni zitakuwa pana kidogo,
zikililalamikia jua ambalo halipo.

Ana miaka saba. Daktari alituandikia namba,
moja na robo tatu, kwenye karatasi ya waridi:
"Haturudishi nyuma, mama. Tunapunguza mbio.
Jicho likisharefuka halifupiki."
Nilitaka kumuuliza kosa ni la nani,
lakini miwani yangu, mizito kama vitako vya chupa,
ilikuwa imeshajibu.

Mama mkwe, aliyekulia milimani akichuma chai,
husoma namba ya basi kabla halijamaliza kona.
Kutunga uzi kwenye sindano huniachia mimi.

Na mtoto hakulalamika, hilo ndilo linaloniuma.
Alidhani taa za bandarini ndivyo zilivyo,
kila moja na manyoya yake.
Siku ya miwani alisimama dirishani kimya, kisha:
"Kumbe zenu hazina manyoya?"
Akalia kidogo, akiyaomba yarudi.

Siku hizi shuleni, kengele ya mapumziko ikilia,
darasa hufungwa, ufunguo mfukoni mwa Mwalimu Hung.
Wote nje! Makoti ya mvua, madimbwi, kelele.
Saa mbili kwa siku, wanasema;
hata mwanga wa wingu ni mwanga.
Mimi niliyempiga marufuku matope,
niliyejigamba ngazini kwa majirani,
"Wangu hatoki, anasoma tu,"
maneno yale yamenikwama kooni
kama mwiba wa samaki.

Jumamosi mvua ikapumua. Tukapanda kilima
kilicho juu ya gati.
Mwewe walikuwa wakizunguka.
"Wangapi?"
"Ni mtihani?"
"Si mtihani."
Akasukuma miwani juu ya pua, akanyosha shingo.
"Wanne. Wa tano amekaa kwenye winchi,
anajikuna."

Nikavua yangu nione atakachokiona
tukishindwa.
Kijivu juu, kijivu chini, hakuna mwewe, hakuna meli;
kiganja chake tu, karibu na uso wangu,
kila mstari.

Mvua ikaanza tena.
Hatukushuka.